Kwa nini daftari la mwanao halikujaa

Juzi alikuja baba mmoja hapa kwetu Malindi, tunapofundisha watoto wakati wa likizo, daftari la mwanawe mkononi. Kurasa nne tu ndizo zilizoandikwa, na humo ni nambari na michoro ya mwezi. "Mwalimu, nimelipa elfu sita, mtoto anashinda ufuoni?" Kila likizo ya mwezi wa nane naulizwa hivi, basi leo nawajibu wote pamoja.

Kijana huyo ni mwepesi mno wa kushika. Siku ya kwanza alimaliza hesabu zote kabla wenzake hawajafika nusu, akaanza kuwachokoza. Tukampa fito iliyotiwa alama za sentimita, aisimamishe ufuoni na kuandika saa ambayo maji yamejaa. Siku ya tatu akaja mbio: maji yanachelewa, karibu dakika 50 kila siku! Kwa nini? Hatukumjibu. Alichora dunia na mwezi siku mbili, akafuta, akachora tena, mpaka akaona kuwa dunia ikimaliza kujizungusha, mwezi nao umeshasogea mbele, na dunia inabidi iufuate. Kisha akaleta zito zaidi: bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida, la mwezi mpevu amelielewa, lakini mbona bamvua lipo pia mwezi unapokaribia kuandama, wakati hata hauonekani? Kurasa nne hizo zina kazi ya wiki nzima.

Kinachoniuma ni wazazi wanaomnunulia mtoto kama huyu vitabu vya muhula ujao ili "awe mbele." Mama mmoja alimtoa binti yake kwetu baada ya siku tatu, akampata mtu wa kumpitisha masomo yote ya muhula wa tatu kwa nusu ya ada yetu. Shule zilipofunguliwa binti hakuwa na jipya la kujifunza. Mara asinzie, mara amsahihishe mwalimu mbele ya darasa. Mama akaitwa shuleni mara mbili. Desemba akamrudisha, na wiki nzima ilikwisha tukijaribu tu kumrudishia hamu ya kuuliza.

Kilichomwamsha ni Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini mwa Malindi. Tulimweleza kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililo baharini pale, ikachunguze eksirei za angani. Akataka kujua kwa nini wageni waje kurushia kwetu. Tukampa mzingo wa dunia kwenye ikweta, kama kilomita 40,000, na saa 24. Akagawanya mwenyewe, akapata zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa: kumbe anayerusha kuelekea mashariki karibu na ikweta anasukumwa na dunia yenyewe. Siku hiyo alikataa kwenda nyumbani.

Sasa ada. Elfu sita ni ya wiki tatu, mwalimu mmoja kwa watoto sita, pamoja na chakula cha mchana, nauli na kiingilio cha magofu ya Gede. Ningeweza kujaza thelathini chumbani na kutoza elfu mbili. Lakini hapo mwepesi atakaa akiwasubiri wenzake, na kusubiri ndiko kulikomchosha shuleni. Wanaoomba kulipia wiki moja nawakatalia pia, maana siku nne za mwanzo twazitumia kutafuta mahali mtoto anapokwama, na huyu wa kipaji huficha sana asipopajua. Wengine huomba watoto wapandishwe mashua; Agosti hatukodi. Kusi bado inavuma, na watoto wa watu siwapeleki kwenye mawimbi ili mzazi apate picha.

Ambaye ada imemshinda asimpe mtoto simu, wala asinunue kitabu cha mbele. Amkatie fito, aitie alama, amwelekeze ufuoni pamoja na mtu mzima wa kumwangalia. Jioni amwulize ameona nini, na akiulizwa "kwa nini," asikimbilie kujibu.