Shehena ipigiwe hesabu kabla ya kupakiwa

Kwa Mhariri,

Mchanga, boriti na mawe yanayovushwa kwa mashua hadi Lamu hukisiwa kwa macho, ilhali futi kamba, debe na mizani ya dukani vinatosha kupata kilo zake. Kanuni ni moja: tungamo (kilo za kitu) ni ujazo mara densiti, yaani kilo za kila mita ya ujazo.

Fungu la mchanga ndilo linalowaponza wengi. Likimwagwa hukaa mfano wa koni, na huwezi kuifikia katikati yake. Basi zungusha kamba chini, pima mzingo, ugawanye kwa 6.28, mzingo wa mita 9.42 hutoa nusu kipenyo cha mita 1.5. Kimo kipate kwa kuchomeka ufito kileleni hadi ugote ardhi. Kikiwa mita 1, zidisha 3.14 × 1.5 × 1.5 × 1, kisha gawanya kwa 3: mita za ujazo 2.36. Anayesahau kugawanya kwa 3 huona tani 11 mahali pa tani 3.8 hivi.

Hizo tani 3.8 ni kwa densiti ya kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, na tarakimu hiyo haifai kuaminiwa hivi hivi. Pima debe tupu la lita 20, lijaze bila kushindilia, sawazisha kwa ubao, pima tena. Mchanga peke yake ukiwa kilo 32, ndiyo 1,600 hiyo. Ajabu ni kwamba mchanga wenye unyevu kidogo hufura, chembe zikaachiana nafasi, hata debe lake likawa jepesi kuliko la mchanga mkavu. Ukilowa chepechepe mambo hugeuka. Kwa hiyo pima mchanga ule ule utakaopakiwa.

Boriti ni silinda, ila upande mmoja ni mnene. Pima mzingo katikati ya urefu. Sentimita 37.7 ni nusu kipenyo cha sentimita 6, yaani mita 0.06, kwa urefu wa mita 3 ujazo ni mita za ujazo 0.034. Mkoko mbichi huwa mzito kama maji au zaidi, kwa hiyo hesabu kilo 34 au kuzidi kidogo. Ukitumia kipenyo chote mahali pa nusu yake, utapata kilo 136 kwa mti mmoja!

Jiwe la matumbawe lina vitundu. Lipime kilo likiwa kavu, kisha liloweke hadi viputo viishe, ulifute juu juu, ndipo ulizamishe katika ndoo iliyojaa pomoni. Maji yaliyomwagika yapime kwa jagi la lita, ugawanye kilo za jiwe kwa lita hizo upate densiti. Ukizamisha jiwe kavu, litanywa maji, ujazo utaonekana mdogo na densiti itapanda bure. Wenye kuyapima maji hayo kwa mizani wakumbuke: lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi.

Zege ni rahisi. Mchemraba wa nusu mita kila upande, kwa densiti ya 2,400, ni kilo 300. Wanaoutumia kufungia mashua wajue kuwa ukizama baharini hubaki na nguvu ya kilo 172 tu, kwa sababu maji huubeba.

Tunawaomba wauza mchanga waandike kwenye risiti kilo za debe moja la mchanga wa siku hiyo. Mengine mnunuzi atajipigia mwenyewe.

Mafundi na walimu,
Langoni, Lamu