Shangazi, mimi wameniweka kwenye shukrani

Shangazi shikamoo.

Ni saa tisa usiku. Mtoto amelala, baba yake amelala, mimi niko jikoni na simu, Luku imebaki yuniti 3. Huu ni usiku wa nne. Nikifumba macho tu naiona ile sehemu ya shukrani, kule mwisho wa makala ya utafiti wetu.

Kazi zetu hizi za miradi ya utafiti wewe unazijua, sitarefusha. Miaka mitatu na nusu nimekaa na zile sampuli. Mimi sishiki makohozi wala damu, zinanifikia zikiwa zimeshapita kwenye mashine, zimekuwa mafaili. Bakteria mmoja wa kifua kikuu ana herufi za vinasaba zaidi ya milioni 4.4, na kazi yangu ni kutafuta ile moja iliyobadilika ikamfanya asisikie dawa ya rifampisini. Halafu unakwenda kwa mwingine. Walikuwa 380. Umeme ukikatika programu inakatika nayo, unaanza upya. Nilipokuwa na mimba ya miezi minane nilikuwa naiendesha kutoka nyumbani usiku, kwa bando langu, kwa sababu mchana seva ilikuwa na foleni. Hakuna aliyenituma, ni kweli. Lakini hakuna aliyenikataza pia, na matokeo yakitoka asubuhi kila mtu alikuwa anayapokea.

Sasa pepa, yaani makala yenyewe, imetoka kwenye jarida mwezi wa tisa. Nimeiona kwa mtu, aliniandikia "hongera". Waandishi 19. Nimewasoma mmoja mmoja kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya kidato cha nne. Yumo mama wa utawala aliyekuwa anasaini fomu za posho. Wamo wa ng'ambo 6, wawili kati yao sijawahi hata kusikia sauti zao. Mimi niko mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya madereva, "kwa msaada wa kiufundi". Na jina langu limekosewa herufi moja. Herufi moja, Shangazi! Mimi!

Mume wangu anasema ni jina tu. Yeye ni mwalimu, jina lake liko kwenye ratiba ya vipindi na mshahara unaingia. Kwetu sisi jina ndiyo mshahara wenyewe. Nikiomba kazi wananiuliza umechapisha nini, umekuwa mwandishi wa kwanza mara ngapi. Nitawaambia nimeshukuriwa?

Na usidhani sijui kanuni. Majarida ya tiba yanasema mwandishi ni yule aliyeshiriki kazi yenyewe, kwa mfano kuchambua data, kisha akashiriki kuandika au kuipitia rasimu, akaidhinisha toleo la mwisho, na akakubali kuwajibika. Prof, msimamizi wangu, mwenyewe ndiye aliyetufundisha, na slaidi zake ninazo. Mimi rasimu sikuletewa. Kwa hiyo sikuipitia, kwa hiyo sikuidhinisha, kwa hiyo si mwandishi. Umeuona mchezo? Na kanuni hizohizo zinakataza kumfungia mtu mlango kwa njia hiyo. Slaidi hiyo aliiruka.

Labda utasema nilikuwa nimeshaondoka. Sikuondoka, niliondolewa. Unakumbuka Mei Mosi ya mwaka 2025? Sisi tumevaa fulana tunaandamana, siku hiyohiyo taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ikatangaza kwamba ule mtindo wa fedha kupita kwenye chuo cha kwao halafu kuja kwetu kwa mkataba mdogo, inausimamisha. Sisi ndio tulikuwa ule mkataba mdogo. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni 30, haukuhuishwa. Kwa hilo simlaumu Prof, ningekuwa mnafiki. Alituita ofisini, alikuwa na machozi. Nami nililia. Ndiyo maana hili la shukrani linauma, kwa sababu mtu aliyelia nami mwezi wa sita, mwezi wa tisa ananiweka baada ya madereva. Siwadharau madereva, walitufikisha vijijini mvua ikinyesha. Lakini hawakuchambua.

Tangu hapo nimeomba kila kitu. Ajira Portal naifungua kila siku kabla ya kupiga mswaki. Kada ya bayoinfomatiki, hii kazi yangu ya kuchambua vinasaba kwa kompyuta, sijaiona. Nikiomba ya TEHAMA wanataka shahada ya kompyuta, nikiomba ya maabara wanataka leseni ya baraza, na shahada yangu ya kwanza ni baiolojia tu. Nimekuwa popo, si ndege si mnyama. Fedha za utafiti nazo, wafadhili wakubwa kama Wellcome na EDCTP wanataka uwe na taasisi ya kukubeba. Mimi taasisi yangu kwa sasa ni hili jiko. Wajerumani, DAAD, wana ufadhili wa kusoma humuhumu Afrika, sharti shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka 6. Yangu nilimaliza 2019. Hesabu mwenyewe. Bodi ya mikopo nayo ilikuwa inakata asilimia 15 kila mwezi, sasa haikati lakini haijasahau.

Zamani kulikuwa na pa kushika. Mimi niliingia huku kupitia mafunzo ya H3ABioNet, mtandao wa bayoinfomatiki wa Afrika, tunakaa darasani jioni tunafundishwa kwa video, wenyewe wako Cape Town, tukadhani dunia imefunguka. H3Africa yenyewe, mradi mama wa utafiti wa vinasaba Afrika, ilianza 2012, kufikia 2022 fedha zake zimekwisha. Waliotangulia walidaka, sisi tuliofuata tukakuta vyombo vinaoshwa.

Basi. Wiki tatu zilizopita Prof akanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. "Binti yangu, habari za siku." Binti yangu! Anaandika andiko jipya la kuomba fedha, safari hii na watu wa Ulaya, anataka michoro ya awali, na skripti zangu za mwisho, zile amri nilizoiandikia kompyuta ichambue, hazionekani kwenye seva. Tusaidie tu kidogo, fedha zikitoka tutakukumbuka. Kunikumbuka. Kwenye shukrani.

Hazionekani kwa sababu ziko kwangu, kwenye laptopu yangu. Kabla hujanihukumu, data za wagonjwa sina, naapa kwa mwanangu, hizo ziko kwenye seva zilipo. Ninazo skripti tu. Mkataba ulisema kila kilichotengenezwa kazini ni cha taasisi, najua, nimeusoma tena jana mara mbili. Lakini hizi sikuzitengeneza kazini, nilizitengeneza hapahapa jikoni nikiwa na mimba. Na mwezi wa sita nilitaka kuzipandisha kwenye seva, akaunti yangu ikawa imefungwa siku mbili kabla. Ningefanyaje?

Mimi sitaki chochote kutoka kwake. Hata kuombwa radhi sitaki, imeshapita.

Isipokuwa kuna nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu, PhD, nje, ya miaka minne na posho yake, naruhusiwa kwenda na mtoto. Mwisho ni Ijumaa. Wanataka barua mbili, na moja lazima itoke kwa msimamizi wako wa mwisho. Si wa chuo, nimewaandikia kuuliza, wamesema wa mwisho. Huyo ni yeye.

Mama mdogo anasema usimpe skripti mpaka barua iwe mkononi, mjini hapa hakuna cha bure. Mume wangu anasema mpe, wema hauozi. Mume wangu huyohuyo nikimwambia kuhusu nje ananyamaza. Sijui hata kama kweli nataka kwenda. Nikiwaza baridi na mtoto natamani nifungue duka la vifaa vya shule, yaishe. Lakini nikipita pale hospitali nikaona foleni ya kliniki ya kifua kikuu naumia, kwa sababu najua kuna kitu kwenye yale mafaili hakijaandikwa hata kwenye hiyo pepa yao. Wamekipita. Mimi nimekiona.

Sasa kuna jambo mume wangu halijui. Prof nilishamjibu. Siku ileile, kwa hasira, nilimwandikia kwamba laptopu iliungua, diski imekufa, sina kitu. Akajibu, "Pole sana mwanangu, Mungu atakupa nyingine." Baada ya siku mbili akatuma elfu hamsini ya kunisaidia fundi.

Nimeitumia, Shangazi. Tulikuwa hatuna gesi.

Kwa hiyo nikimwomba barua nitamwomba kwa mdomo gani? Nikimwambia diski imefufuka atajua. Nikinyamaza Ijumaa inapita. Na nikimpa skripti bila kusema lolote kuhusu jina langu, si nitakuwa nimewafundisha wafanye hivyohivyo kwa binti anayekuja? Ila sitaki aaibike, tafadhali usiniambie niandikie jarida, najua wanapokea malalamiko, fomu nimeijaza na kuifuta mara tatu. Nataka tu arekebishe ile herufi. Si hata kunitoa kwenye shukrani, aanze na herufi. Hapana, nataka jina langu lipande kwa waandishi.

Ukinijibu jibu kabla ya Alhamisi. Na nakuomba usitaje ni ugonjwa gani wala sampuli ngapi, tuko wachache mno kwenye hii kazi, watanijua.

Ni mimi,
Mtu wa Shukrani, Dar es Salaam