Sahani ya Vuguvugu Ipelekewe Kipimajoto: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Usalama wa Chakula

Kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Usalama wa Chakula,

YAH: CHAKULA CHA MCHANA KINACHOMFIKIA MTEJA KIMECHELEWA NA KIMEPOA

Mheshimiwa,

Malalamiko ya chakula cha mchana katika migahawa ya kawaida yanafanana mno. Oda imekaa dakika 40. Sahani imefika wali ukiwa vuguvugu na mchuzi umeanza kuganda mafuta juu. Wa meza ya pili, aliyeingia nyuma, ameshakula na kuondoka. Mhudumu haonekani, na akiitwa hajui mchuzi umeungwa kwa nini. Yakifikishwa kwenye ofisi za ukaguzi, malalamiko ya namna hii huhesabiwa kuwa ya huduma mbovu, na mlalamikaji huambiwa akaelewane na mwenye mgahawa.

Sisi tunaokuandikia ni wapishi, wahudumu na wakufunzi wa kazi za jikoni. Ombi letu ni moja: lalamiko la chakula kilichopoa lipokelewe kama taarifa ya usalama wa chakula, na mkaguzi apelekwe jikoni saa zilezile ambazo mteja alihudumiwa vibaya.

Tuanze na kipimo. Katika kanuni zake tano za chakula salama, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 za sentigredi hadi kinapoliwa, au chini ya nyuzi 5 kikihifadhiwa, na kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Mchuzi wa nyuzi 60 mtu huupuliza kabla ya kuutia mdomoni. Akisema ni wa vuguvugu, basi umeshuka hadi karibu na joto la mwili wake, nyuzi 37 au juu kidogo. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens, anayependa nyama na michuzi mizito, hustawi sana kati ya nyuzi 43 na 47. Akipata mazingira hayo, idadi yake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika 10 hivi.

Haki itendeke hapa. Sahani iliyotoka motoni ikapoa kwenye dirisha la jikoni la kutolea sahani kwa dakika 15 inakera, lakini haimdhuru mtu. Sahani iliyopakuliwa kutoka kwenye sufuria iliyokaa na nyuzi 45 tangu asubuhi ni jambo jingine kabisa. Mezani sahani hizo mbili hazitofautiani kwa macho wala kwa ulimi, na ndiyo maana mteja hawezi kuachiwa kazi ya kuamua ipi ni ipi. Kinachozitofautisha ni kipimajoto kilichochomekwa katikati ya sufuria, siku hiyohiyo.

Ucheleweshaji wenyewe una hesabu yake. Chukua jiko la kuchomea lenye nafasi ya vipande 8 vya nyama, kila mkupuo dakika 12. Mgahawa una viti 60, vimejaa ndani ya nusu saa, na nusu ya wateja wameagiza nyama ya kuchoma. Vipande 30 vinahitaji mikupuo minne, kwa hiyo mteja wa mwisho anapata chake dakika ya 48, hata kama mpishi hakupumzika na hakuna kilichoungua. Hakuna uvivu hapo. Menyu imeahidi kuliko jiko linavyoweza kutoa.

Mwenye mgahawa makini hupunguza vyakula vinavyogombea jiko moja, hukata na kuunga viungo mapema, na huwaambia wateja wa mwisho kwamba nyama itachukua dakika 45 ili wachague kingine. Njia ya mkato ni kuchoma nyama yote saa 4 asubuhi, kuipanga kwenye trei na kuipitisha motoni kidogo oda ikifika. Mbaya zaidi ni kuiivisha nusu asubuhi na kuimalizia mchana: ndani haikufikia nyuzi 70 zinazoua bakteria, kisha imekaa saa tatu katika joto wanalolipenda.

Kwa hiyo tunamwomba mkaguzi wako asichanganye mambo. Mgahawa unaochelewesha chakula lakini unakileta kinafuka moshi, mara nyingi unapika upya kila oda. Wa kutiliwa shaka zaidi ni ule unaoleta chakula upesi kikiwa vuguvugu.

Kosa tunalolikuta mara nyingi liko kwenye trei zinazokaa juu ya maji moto. Chombo hicho kimetengenezwa kushikilia joto la chakula ambacho tayari ni cha moto. Hakijatengenezwa kupasha. Jikoni nyingi hukitumia kinyume: wali na maharage vinatolewa kwenye friji vikiwa na nyuzi 5, vinamiminwa kwenye trei, swichi inawashwa, na mteja wa kwanza anapofika chakula kimefikia nyuzi 30 au 40 na bado kinapanda polepole. Kwingine maji yamepungua hayagusi tena kitako cha trei, kwa hiyo kinachopanda ni mvuke kidogo tu. Mifuniko imewekwa kando kwa sababu inamsumbua mpakuaji. Hakuna anayekoroga, hivyo chini kuna nyuzi 65 na juu, anapochota mhudumu, kuna 45. Na trei ikikaribia kuisha, chakula kipya humwagwa juu ya mabaki, kisha mabaki hayo huzunguka humo hadi jioni.

Utaratibu sahihi haugharimu vifaa vipya. Maji yawashwe mapema yafike nyuzi 80 hadi 90 kabla trei haijawekwa, na yaguse kitako. Chakula cha jana kipashwe kwanza jikoni, kwa moto mkali, hadi katikati yake pafike nyuzi 75, ndipo kihamishiwe kwenye trei. Trei ndogo zinazobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko moja kubwa. Mfuniko ukae juu, chakula kikorogwe kila dakika 20 au 30, na joto lipimwe kila saa katika muda wa mchana, katikati na karibu na juu, na liandikwe.

Wali unahitaji neno lake peke yake, kwa kuwa wengi huuona hauna madhara. Mchele huja na spora za Bacillus cereus, mbegu zenye ganda gumu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani ukiwa vuguvugu, spora huchipua na bakteria hutoa sumu. Sumu inayoleta kutapika haivunjwi na moto wa kupashia, hivyo kiporo kilicholala juu ya meza hakiokolewi kwa kukaangwa tena hata kikitoka kinanukia. Wali wa kesho utandazwe kwenye trei pana kwa kina kisichozidi sentimita 5, ushuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, na kutoka hapo hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria ya lita 20 ikiingizwa nzima kwenye friji, katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi za usiku, na hupasha pia maziwa na nyama vilivyo jirani.

Upande wa wahudumu, makosa huanzia kwenye karatasi ya oda. Oda isiyoandikwa saa haina foleni. Mpishi huchukua karatasi iliyo karibu na mkono, na ndipo aliyekuja nyuma hula mbele. Karatasi iwe na namba ya meza, namba ya kiti, saa, na mzio wa mteja kama upo. Mhudumu aisome kwa sauti mbele ya mteja kabla ya kuondoka, kwa sababu oda iliyosikika vibaya hugundulika sahani ikishafika, na kuipika upya huchelewesha meza tatu nyingine. Dirishani pawe na mtu mmoja anayeita oda kwa mpangilio wa saa na kuhakikisha sahani za meza moja zinatoka pamoja. Asipokuwepo, sahani ya kwanza hupoa ikiisubiri ya mwisho. Sahani zenyewe zipashwe, maana sahani baridi ya udongo hunyonya joto la chakula ndani ya dakika chache.

Mhudumu mmoja huweza kuzimudu meza 5 au 6 kwa saa za msongamano. Akipewa 12, kitu cha kwanza kuachwa ni kunawa mikono. Hapo lalamiko la "mhudumu haonekani" nalo linageuka kuwa la afya: mtu huyohuyo anapokea pesa, anafuta meza zote kwa kitambaa kimoja chenye unyevu, kisha anashika mkate kwa vidole. Staphylococcus aureus hukaa puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wa afya, na sumu yake pia haiondoki kwa kupashwa. Sabuni, maji na sekunde 20 za kusugua zinahitaji mhudumu mwenye nafasi ya kuzitumia.

Sahani ikirudishwa jikoni, zamu isisimame kubishana na mteja. Mteja apewe sehemu mpya, kilichorudi kisirudi sufuriani, na papo hapo kipimajoto kichomekwe kwenye sufuria kilikotoka. Kikisoma chini ya 60 na hakuna anayejua tangu saa ngapi, sufuria yote imwagwe. Inauma, tunajua. Lakini kipimajoto ni cha bei nafuu kuliko sufuria moja ya chakula iliyomwagwa, na jikoni inayopima kila saa haifiki huko.

Sasa kuhusu ofisi yako. Ukaguzi wa saa 3 asubuhi hukuta sakafu imepigwa deki, aproni nyeupe na sufuria tupu. Tunaomba mkaguzi afike kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana. Aje na kipimajoto chake chenye ncha, alichokihakikisha kwenye maji yaliyojaa barafu kwamba kinasoma 0, na akifute kwa spiriti kati ya chakula na chakula. Apime kabla ya kuuliza chochote. Kisha aulize kila sufuria ilitoka motoni saa ngapi, alinganishe na karatasi za oda, na afungue daftari la joto. Daftari lenye 63 kila mstari, wiki nzima, kwa wino uleule, limejazwa kwa mkupuo mmoja.

Fomu ya malalamiko nayo ibadilishwe. Pamoja na maelezo ya mteja, iulize alikula nini, aliagiza saa ngapi, alihudumiwa saa ngapi, chakula kilikuwa kinafuka au la, na kama aliugua, aliugua saa ngapi baadaye. Swali la mwisho lina uzito mkubwa. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 huelekeza kwenye sumu iliyokwisha kuwamo chakulani, kama ile ya wali. Tumbo kukata na kuhara baada ya saa 6 hadi 24 huelekeza zaidi kwenye nyama au mchuzi uliopozwa polepole. Mkaguzi anajua aanzie sufuria ipi.

Matokeo yabandikwe mlangoni. Denmark imekuwa ikifanya hivyo kwa alama za sura yenye tabasamu tangu 2001, na jiji la New York kwa herufi tangu 2010. Mgahawa mdogo upewe nafasi ya kufundishwa ziara ya kwanza na kupimwa ya pili. Hatuombi watu wafungiwe riziki.

Makadirio ya WHO ya 2015 yalisema watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa kula chakula kisicho salama, na 420,000 hufa. Tunakuomba utujibu hadharani, kama tulivyokuandikia, na utaje tarehe ambayo ukaguzi wa saa za mchana utaanza.

Wako katika kazi,

Wapishi, wahudumu na wakufunzi wa kazi za jikoni