Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filamu za China Tulizozitazama

Ndugu wanachama,

Ada zimelipwa, projekta imetengenezwa, na hesabu atazisoma mtunza hazina. Mimi naomba nizungumzie maonyesho yetu, maana tangu nikabidhiwe kiti hiki sijaona tukibishana kwa uchungu kama tulivyobishana juu ya filamu za hali halisi ambazo wageni walizipiga China.

Tulianza na "Chung Kuo" ya Mwitalia Michelangelo Antonioni. Serikali ya China yenyewe ilimwalika mwaka 1972, Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kuwasaka waliodaiwa kuipinga siasa yake, yakiwa bado yanaendelea. Alipitishwa kulikopangwa: Beijing, Henan, Suzhou, Nanjing, Shanghai. Yeye akaituliza kamera kwenye nyuso za watu wa kawaida. Januari 1974 Renmin Ribao, gazeti la Chama cha Kikomunisti cha China, likamshambulia: eti daraja la Nanjing kalipiga kwa pembe mbaya lionekane limepinda, kisha akachomeka suruali zilizoanikwa chini yake. Watu wakailaani filamu wasiyoiona. Beijing haikuonyeshwa hadharani hadi 2004. Sisi tulirudia kipande cha daraja mara tatu. Mimi niliona nguo za watu wanaofua tu. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba mwenyeji aliyekukaribisha ana haki ya kuumia. Sikubaliani naye, ila hoja yake sijaisahau.

Filamu ya pili, "How Yukong Moved the Mountains" ya Joris Ivens na Marceline Loridan, ina takriban saa 12, tukatazama sehemu chache. Ilitoka mwaka 1976. Septemba hiyo Mao akafariki, Oktoba wale waliokuwa wakiongoza siasa ya Mapinduzi ya Utamaduni wakakamatwa. Imani yote ya filamu hiyo katika mapinduzi ikapitwa na wakati kwa miezi michache. Hata hivyo, mzee wetu aliyejenga reli ya TAZARA pamoja na Wachina alikaa kimya muda mrefu baada ya taa kuwashwa, akasema wale wafanyakazi wa kiwandani waliomo kwenye filamu ni kama watu aliokula nao.

Iliyonigusa kuliko zote ni "The Gate of Heavenly Peace" ya 1995, kuhusu maandamano ya uwanja wa Tiananmen, Beijing, mwaka 1989, ambayo jeshi liliyazima kwa kuua watu. Carma Hinton, aliyeiongoza na Richard Gordon, ana wazazi Wamarekani lakini alizaliwa na kukulia Beijing. Anawasikiliza Wachina kwa lugha yao: Han Dongfang mfanyakazi wa reli, Ding Zilin aliyeuliwa mwanawe. Serikali ya China ilikasirika, na baadhi ya viongozi wa wanafunzi walioko uhamishoni wakakasirika pia.

Kuna pengo, na ni la kamati yangu: mwaka mzima hatukuonyesha filamu hata moja ya Mchina mwenyewe. Napendekeza msimu ujao tuanze na "Dead Souls" ya Wang Bing, ya 2018, ambamo walionusurika Jiabiangou, kambi ya kazi za kulazimishwa, wanasimulia njaa yao. Inazidi saa nane, kwa hiyo tutaigawa kwa Jumamosi tatu. Wasiofuata maandishi ya Kiingereza wamekuwa wakinong'onezewa na jirani mwaka mzima, na hilo halikuwatendea haki. Naomba wanachama wawili wajitolee kutafsiri, tafsiri hiyo isomwe kwa Kiswahili kwa sauti wakati filamu inaendelea.