Kile cheupe walichokiona kwenye mlango wa kizazi

Mpendwa rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Ujumbe wako umefika. Neno "chanya" lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki limekunyima usingizi, nami sitaki ulale nalo usiku mwingine. Majibu ya kipimo cha siki, kile cha kutafuta dalili za saratani ya mlango wa kizazi, huwa matatu: hasi, chanya, na "inashukiwa saratani". Wewe umeandikiwa la katikati. Tofauti yake na la tatu ni kubwa, na utaiona ukijua saratani hii inavyojijenga.

Sehemu ya nje ya mlango wa kizazi imefunikwa na seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Ndani ya njia yake kuna safu moja tu ya seli ndefu zinazotoa ute. Pale zinapokutana, seli za ndani hugeuka taratibu kuwa za aina ya nje, na seli zinazogeuka hugawanyika sana. Hapo ndipo virusi vya HPV, vinavyoambukizwa hasa kwa tendo la ndoa, vinapopenda kuingia, na hapo ndipo saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia.

Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake vyote, herufi zipatazo bilioni 6, na makosa hayakosi kutokea. Ndiyo maana mwili umejiwekea ulinzi. Protini iitwayo p53 huisimamisha seli iliyoharibika, na uharibifu usiporekebishika huiamuru ife. Nyingine, Rb, huizuia seli isigawanyike kabla ya wakati. HPV namba 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, zinabeba jeni mbili, E6 na E7. E6 huifanya p53 ivunjwe, E7 huifunga Rb. Virusi vinafanya hivyo ili seli iendelee kunakili na vyenyewe vinakiliwe humo, lakini seli iliyobaki bila ulinzi hulimbikiza kosa juu ya kosa, na kila kizazi cha seli hurithi makosa ya kilichotangulia. Seli za Henrietta Lacks wa Marekani, zilizochukuliwa kwenye uvimbe wake wa saratani hii mwaka 1951, zina HPV 18 na bado zinagawanyika maabara hadi leo. Jeni hizo mbili zikizimwa, seli hizo huacha kukua. Basi ujue kisa chote kimeshikwa na E6 na E7.

Wanawake wengi hupata HPV, na takriban 9 kati ya 10 mwili wao huishinda ndani ya miaka 2 bila wao kujua. Usiitafutie mtu wa kulaumu, kwani virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Vikigoma kuondoka, seli mbovu huanza theluthi ya chini ya ngozi ya mlango wa kizazi, hupanda hadi theluthi mbili, kisha hujaza unene wote. Hatua hizo huitwa mabadiliko ya awali. Chini ya seli hizo kuna utando mwembamba, na mishipa ya damu na ya limfu iko ng'ambo yake. Utando ukiwa mzima, seli mbovu hazina njia ya kusafiri. Saratani huhesabiwa tangu zinapoutoboa. Kutoka maambukizi hadi hapo huchukua miaka 15 hadi 20 kwa kawaida, au miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa.

Baada ya kutoboa, uvimbe ukizidi milimita 1 au 2 hukosa hewa, ukatoa kemikali za kuita mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo ni dhaifu, ndiyo sababu mtu hutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Seli moja ikijigawa maradufu mara 30 tu, zimefika bilioni moja, uvimbe wa kama sentimita 1. Maumivu huja baadaye sana, na hilo ndilo linalowaponza wanaosubiri waumwe kwanza.

Siki waliyokupaka ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Husubiriwa dakika 1 kamili, na seli zenye protini nyingi hugeuka nyeupe. Uchochezi wa kawaida, yaani ngozi ya humo kuwasha na kuvimba, nao unaweza kuonyesha weupe, kwa hiyo chanya haimaanishi hata kwamba mabadiliko yapo kwa hakika.

Ukirudi, uliza mambo mawili: doa hilo jeupe linaonekana lote, au linaingia ndani ya njia? Limefunika zaidi ya robo tatu ya mlango? Likiwa dogo na linaonekana lote, hutibiwa papo hapo, ama kwa kifaa cha joto la nyuzi 100 kwa angalau sekunde 20, ama kwa kugandisha dakika 3, kuacha 5, kugandisha tena 3. Likiwa kubwa au linaingia ndani, hukatwa kwa waya wa umeme na kinyama hupelekwa maabara. Wakihisi ni uvimbe wenyewe, wasichome kabla ya kuchukua kinyama, kwa sababu kuchoma juu kutaacha seli zilizokwisha kushuka chini ya utando.

Baada ya tiba utatokwa majimaji hadi wiki 4. Muda huo shemeji avumilie. Homa, damu yenye mabonge au harufu mbaya, rudi siku hiyo hiyo. Kipimo cha marudio ni baada ya miezi 12.

Na binti yako Asha sasa ana miaka 11. Chanjo ya HPV Tanzania hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tangu 2024. Haiondoi virusi vilivyokwisha ingia, ndiyo maana hutolewa mapema. Mpeleke wiki hiyo hiyo utakayokwenda wewe, kisha niandikie wamekujibu nini kuhusu lile doa.

Wako akupendaye,
Rehema