Kwa nini TV ya chogo haitoki sebuleni

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Siku ile unarudi shule uliniona nikimfukuza yule kijana wa skrepa getini, ukaniuliza, "Mama, TV bovu la nini?" Nilikujibu kwa mkato kwa kuwa basi lilikuwa linakusubiri, na tangu siku hiyo jibu langu halijaniridhisha. TV ile siyo bovu, na hata ingekuwa bovu nisingeiuza.

Babu yako ndiye aliyeileta. Alikuwa dereva wa lori, safari zake Tanga na Dar. Huku Bara televisheni ilikuwa bado ngeni, maana vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na mtaani kwetu Ngamiani nyumba zenye TV zilihesabika. Mwaka 1996 akarudi kutoka Kariakoo na boksi la gemu: pedi mbili, bastola ya plastiki, na kaseti ya njano iliyoandikwa kuwa ina gemu 9999. Ukizifungua ni zile zile chache, zinajirudia kwa majina mengine. Mashine yenyewe ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ya gemu ambayo kampuni ya Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Ile halisi sijawahi kuiona, wala sijawahi kuitamani.

Waya tulichomeka nyuma, kwenye tundu la antena, kisha tunatafuta stesheni polepole mpaka chenga ziishe. Kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Adapta ikipata moto tunazima, tunailaza kwenye sakafu ya sementi ipoe, nasi tumeizunguka kama mgonjwa.

Wajomba zako walikuwa watu wa Mario na Contra. Mimi na babu yako tulikuwa watu wa bata. Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata kwa bastola, nayo ni ya Nintendo, ya mwaka 1984. Pedi ilimshinda babu yako, vidole vyake vilizoea usukani. Lakini bastola! Alikaa ukingoni mwa kochi na msuli wake, kiwiko juu ya goti, jicho la kushoto amelifumba. Bata anaruka, una risasi 3. Ukimkosa, mbwa anachomoza majanini anakucheka. Babu yako alimchukia yule mbwa kwa dhati. Alimmiminia risasi, mbwa hafi, anammiminia tena. "Mwanangu, huyu mbwa ana nini na mimi?" Bibi yako alikuwa anacheka mpaka anaacha mboga inaungua.

Sasa sikiliza bastola ile inavyofanya kazi. Yenyewe haitoi kitu. Ndani ya mtutu ina kijicho kinachongoja mwanga. Ukibonyeza, kioo chote kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Kijicho kikiuona, bata kafa. TV ya chogo inachora picha papo hapo. TV flati inaipokea, inaichakata kwanza, ndipo inaionyesha, na kwa ule ucheleweshaji mdogo tu mashine imeshaamua kwamba umekosa. Ndiyo maana Desemba ulipiga kutwa nzima kwenye TV flati bila kuua hata bata mmoja, ukaiweka bastola chini kwa hasira ukasema gemu ya zamani mbaya. Wewe ulikuwa unalenga vizuri, mwanangu. Nilikuwa nakutazama.

Babu yako alifariki mwaka 2009, wewe hujazaliwa. Mpini wa bastola, upande wa kiganja, plastiki imelainika na rangi imefifia kwa mkono wake. Ukiushika utaona alama inakwenda mbali kuliko kiganja changu, maana alikuwa na mikono mikubwa. Picha zake tunazo mbili tu, ya pasipoti na ya harusi, na zote amekaza uso kwa ajili ya kamera. Akicheka hakuna aliyewahi kumpiga picha. Mimi kicheko chake nakipata pale, kioo kinapowaka na wale bata wanapoanza kulia.

Fundi alikuja juzi, amekaza swichi, na adapta nimenunua mpya. Ukija Juni nitakupisha uanze wewe. Mbwa akikucheka, mmiminie tu, hata kama hafi.

Mama yako