Benki ikimnyima mtu kadi ya mkopo, imweleze sababu kwa maandishi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowakuta Wakenya wengi lakini husemwa kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu ya mtu binafsi, nalo ni kuomba kadi ya mkopo kwa nia ya kununua kifaa kwa awamu zisizo na riba, kisha kukataliwa bila kuambiwa ni kwa nini. Sidai kwamba benki inalazimika kumkopesha kila abishaye hodi. Fedha inazokopesha ni amana za watu, na kuchagua wa kumkopesha ni sehemu ya wajibu wake. Ninachodai ni kwamba anayekataliwa aelezwe kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, ni kipi hasa kilichomkosesha, ili ajue kama ni kosa la kumbukumbu linaloweza kusahihishwa, ama ni upungufu wa kipato, ama ni deni alilosahau.

Mimi ni mshonaji nguo hapa Mombasa. Nilikuwa natafuta cherehani ya umeme ya aina inayotumiwa viwandani, kwa sababu oda za sare za shule huja kwa mpigo shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, na cherehani ya kukanyaga haiwezi kuzimudu. Duka lililokuwa nayo lilikuwa limebandika tangazo la benki moja: lipa kwa miezi 12, riba asilimia sifuri, kwa yeyote mwenye kadi ya mkopo ya benki hiyo. Niliomba kadi, nikapeleka kila kilichotakiwa, na jibu likaja kwa ujumbe mfupi wa simu kwamba ombi langu halikufaulu kwa sasa. Nilipofika katika tawi, kijana aliyenihudumia, tena kwa adabu nzuri, aliniambia kwamba mfumo ndio ulioamua na kwamba hata yeye haoni mfumo huo uliona nini. Huko ni sawa na mteja kunirudishia gauni bila kuniambia linabana kwapani ama kiunoni, halafu akategemea kwamba nitalirekebisha.

Wapo watakaosema kwamba kadi ya mkopo ni anasa na aliyeikosa hajakosa kitu. Hesabu inasema vingine. Tuseme cherehani inauzwa shilingi 60,000. Kwa awamu zisizo na riba, mnunuzi atalipa shilingi 5,000 kila mwezi, na baada ya mwaka atakuwa ametoa zile zile 60,000. Aliyenyimwa kadi, na ambaye hana akiba, hubaki na mipango ya lipa mdogo mdogo, ambamo hutoa malipo ya kwanza, tuseme shilingi 10,000, kisha shilingi 200 kila siku. Kiasi hicho cha kila siku huonekana kidogo sana machoni, lakini kwa mwaka mzima ni shilingi 73,000, na ukijumlisha malipo ya kwanza umelipa 83,000 kwa kifaa cha 60,000. Wengine hukimbilia mikopo ya simu, ambayo mingi haitumii hata neno riba bali hutoza ada, na ada ya mwezi mmoja ukiihesabu kwa mwaka inatisha. Kwa hiyo anayekataliwa kadi habaki pale alipokuwa; husukumwa kwenye deni la bei ghali zaidi, na mara nyingi huyo ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kulibeba.

Nakiri pia kwamba hiyo sifuri haitoki hewani. Kwa kawaida duka hukubali kupokea kutoka kwa benki kiasi kilicho pungufu ya bei iliyoandikwa, na ndiyo maana mwenye pesa taslimu anayejua kubembeleza bei hupunguziwa huku mwenye kadi akiambiwa bei ni ile ile. Pengine kuna ada ya kushughulikia ombi. Tena mikataba ya namna hii huwa na sharti kwamba ukikosa awamu, salio huhamia kwenye riba ya kawaida ya kadi, ambayo huhesabiwa kwa mwezi na si kwa mwaka. Msomaji asiyesoma masharti hayo ajue kwamba anatia sahihi ahadi mbili, moja ya sifuri na nyingine ya riba kamili, na ni nidhamu yake tu inayoamua ipi itatumika.

Sisi wa Pwani tuna jambo la ziada hapo. Wengi wetu huepuka riba kwa sababu ya dini, na mkataba unaotaja riba hata kwa anayechelewa tu huwatia wengine wasiwasi wa kuugusa. Tangu mwaka 2008 nchi hii imekuwa na benki zinazoendeshwa kwa misingi ya sharia, ambazo huweza kununua kifaa zenyewe na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, ndiyo biashara ya murabaha. Hata hivyo, nazo hupima uwezo na kuangalia kumbukumbu za mikopo kama benki nyingine, hivyo suala la sababu ya kukataliwa linabaki pale pale.

Je, sababu hizo zinaweza kuwa zipi? Kwa mfanyakazi wa mshahara, ya kwanza ni sheria ya theluthi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara, maana yake ni kwamba mwenye mshahara wa shilingi 60,000 ambaye ushuru, ada ya nyumba, bima ya afya, mkopo wa chama cha akiba na mkopo wa elimu ya juu tayari vinakaribia kumla 40,000, machoni pa benki ni mtu aliyekwisha kujaa, hata kama hajawahi kuchelewesha deni lolote. Kwa sisi wa jua kali tatizo ni jingine kabisa. Fedha zetu hupita kwenye simu, si kwenye akaunti. Wateja wangu hunilipa kwa nambari ya simu, mimi nami hulipa vitambaa, uzi na kodi ya chumba kwa simu hiyo hiyo, na akaunti yangu ya benki, ukiitazama peke yake, ni ya mtu asiye na kazi. Kuna pia mtu ambaye hajawahi kukopa popote, akijivunia kwamba hana deni la mtu, na kumbe kutokuwa na historia humfanya asiyejulikana. Kuna aliyemdhamini mwenzake katika chama cha akiba na mikopo, mwenzake akaacha kulipa. Na kuna wenye kosa tupu la kumbukumbu: deni lililolipwa zamani lakini bado linasomeka kuwa halijalipwa. Kila moja ya sababu hizi ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu wa theluthi hana haja ya kwenda kusafisha jina CRB, na mwenye kosa la kumbukumbu hatasaidiwa na kufungua akaunti mpya.

Nimetaja CRB, yaani mashirika ya kuhifadhi kumbukumbu za mikopo, ambayo yenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Watu wengi huyaogopa kana kwamba ni jela, lakini kanuni zinampa mteja haki ambazo wachache huzitumia. Mteja ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Akiona taarifa isiyo ya kweli anaweza kuipinga, na shirika linapaswa kuichunguza pamoja na benki iliyoipeleka. Kanuni za mwaka 2020 zilizuia taarifa mbaya za madeni yasiyofika shilingi 1,000 kupelekwa huko, kwa sababu ilikuwa imefika mahali mtu anakosa mkopo mkubwa kwa deni la vocha ya simu. Kwa upande mwingine, msomaji asidanganyike kwamba kulipa leo kunafuta jina leo: deni lililoharibika likilipwa, ripoti huonyesha kwamba limelipwa, lakini historia ya kuchelewa hubaki kwa miaka 5.

Rais William Ruto mwenyewe, alipoapishwa Septemba 2022, alizungumzia haja ya kuachana na utaratibu wa kumfungia mkopaji milango yote kwa kumworodhesha CRB, na Novemba mwaka huo Benki Kuu ikatangaza mpango wa kuwapunguzia mzigo wakopaji wa mikopo midogo ya simu na kurekebisha kumbukumbu zao. Nia ilikuwa kwamba alama za mkopaji, yaani pointi anazopewa kulingana na anavyolipa madeni yake, zitumike kupanga bei ya mkopo badala ya kuwa rungu la kumfukuzia. Sioni jinsi nia hiyo itakavyotimia ikiwa mkopaji haambiwi hata kama alama zake ndizo zilizomkosesha.

Sheria ya juu zaidi iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kutekeleza au kulinda haki yake, na pia kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomdhuru. Kifungu cha 46 kinamlinda mtumiaji wa huduma, na kinataja haki ya kupata taarifa zitakazomwezesha kunufaika na huduma hiyo kikamilifu. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinahusu moja kwa moja lile jibu la "mfumo ndio ulioamua": inapokuwa mashine peke yake ndiyo iliyofanya uamuzi unaomgusa mtu kwa kiasi kikubwa, mtu huyo anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na anaweza kuomba uamuzi huo utazamwe upya na binadamu. Najua sheria hiyo ina milango yake ya kutokea, ukiwamo ule wa ridhaa ambayo sote huitoa tunapobonyeza "nakubali" bila kusoma. Lakini hata mwenye kutokea mlango huo sidhani anaweza kusema kwamba ujumbe wa maneno machache unatosha kuwa taarifa.

Mabenki yatajibu kwamba yakitoa sababu, walaghai watajifunza jinsi ya kuyahadaa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tungeomba yafichue fomula zao. Hatuombi hivyo. Marekani, ambako kadi za mkopo zimetapakaa kuliko hapa kwetu, sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika kupata mikopo ndiyo msingi wa utaratibu unaoitaka benki kumjibu mwombaji ndani ya siku 30 na kumpa, au kumjulisha kwamba anaweza kudai, sababu mahususi za kukataliwa. Benki za huko hazijafilisika kwa kusema "kipato chako hakijathibitishwa" au "madeni yako ni mengi kwa kipato chako". Sentensi moja kama hiyo ingetosha hapa pia.

Kwa msomaji aliye katika hali hii sasa hivi, nina neno la haraka. Usikimbilie benki ya pili na ya tatu wiki hiyo hiyo, kwa sababu maombi yanayofuatana huacha alama kwenye kumbukumbu na huweza kusomwa kama dalili ya mtu aliyebanwa. Iandikie benki barua au baruapepe, uulize sababu, uulize walitumia ripoti ya shirika lipi, na uombe ombi lako litazamwe na afisa na si mfumo tu. Wakati unasubiri, chukua ripoti yako. Kama kipato chako hupita kwenye simu, omba taarifa ya miamala ya miezi kadhaa na uiambatanishe na vitabu vyako vya oda. Na usiweke arubuni dukani kabla ya kadi kukubaliwa, maana si kila mwenye duka hurudisha arubuni kwa moyo mkunjufu.

Ombi langu kwa Benki Kuu ya Kenya ni dogo na halina gharama. Itoe mwongozo unaoitaka kila benki na kila mkopeshaji aliyesajiliwa, anapokataa ombi la kadi au la mkopo wa awamu, ampe mwombaji taarifa ya maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza kwa chaguo la mwombaji, yenye sababu kuu za kukataliwa, jina la shirika la kumbukumbu lililotumiwa kama lipo, na maelezo ya jinsi ya kuomba uamuzi utazamwe upya. Nayo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data itueleze hadharani iwapo ujumbe wa simu usio na sababu unatimiza matakwa ya kifungu cha 35 cha sheria inayoisimamia. Mimi barua yangu kwa benki niliyoomba kadi nimekwisha kuipeleka na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Wako mwaminifu,
Mshonaji nguo, Mombasa.